Saa Iliyopotea Kati ya Geita na Shinyanga

Inspekta Onesmo Ngassa alikwenda Geita kutafuta ushahidi wa kumfunga Fazal, si wa kumfungua. Jalada lilikuwa karibu kukamilika na Ijumaa kijana angesomewa shitaka la kuua. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba siku ya tukio Fazal hakukanyaga Geita, ingawa alidai alikuwa huko, basi.

Kisa chenyewe mji mzima wa Shinyanga ulikuwa unakijua. Jumamosi, jua likizama, Jasumati alimpelekea mumewe chai kwenye karakana nyuma ya duka lao. Alimkuta sonara Dilip ameanguka kando ya fuawe la kufulia dhahabu, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo yake mwenyewe. Jirani yake Fazal, muuza khanga, wiki iliyotangulia alikuwa amegombana naye barazani kwa sababu ya ukuta unaotenganisha nyua zao, na watu walimsikia akisema, "Ukuta huu utakuja kukuangukia." Onesmo hakuhitaji zaidi. Jumapili saa sita mchana alimtia pingu dukani kwake, akamtembeza kwa miguu mpaka kituoni, akipita katikati ya soko ili watu waone kwamba serikali haijalala. Watu waliona. Walimtupia maganda ya ndizi na maneno mabaya kuliko maganda. Nyuma yake alikuja mama yake, Khairunisa, bila viatu, mtandio umemwanguka mabegani.

Fazal alijitetea hivi: Jumamosi alikuwa Geita kuuza mali. Akapata nafasi kwenye ndege ndogo ya kukodi ya rubani Marcel, iliyokuwa inarudi Shinyanga. Njiani ndege ikatua porini karibu na Kagongwa. Yeye akaambiwa ashuke, akadandia lori la pamba, na akafika nyumbani watu wameshaswali isha.

Onesmo alicheka. "Ndege si basi, Fazal, ya kushusha abiria njiani."

Alikuwa na sababu ya kucheka. Jumamosi hiyo yeye mwenyewe alikuwa Ibadakuli, uwanja wa ndege wa Shinyanga, akisubiri dawa za mkewe, Philomena, ambazo Marcel humletea kutoka Mwanza akipitia Geita. Alimwona Marcel akishuka peke yake. Akampakia kwenye Land Rover ya polisi, akamfikisha mjini. Na Marcel alipoulizwa Jumapili kama alibeba mtu, alijibu kwa neno moja: "Hapana." Marcel hakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mwaka jana, Philomena alipokaribia kufa kwa uzazi, ni yeye aliyeruka naye hadi Mwanza, mvua inanyesha, bila kudai chochote. Marcel na Philomena wote walitoka Bukoba, hivyo alimwita dada, na Onesmo akawa shemeji.

Sasa ilikuwa Jumatano asubuhi. Pembeni ya uwanja wa ndege wa Geita, mwanamke aitwaye Eufrasia alikuwa akiuza uji na maandazi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Unamjua huyu?" Onesmo alimwonyesha picha.

Eufrasia alijifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuishika. "Huyu si yule wa Jumamosi? Alikula maandazi yangu mawili, kisha akasema mafuta yananuka. Kama yananuka, mbona alimaliza?"

"Una hakika ni Jumamosi?"

"Ndege ile huja Jumamosi na Jumatano tu, na ya leo bado haijafika."

"Akaenda wapi?"

"Si alipanda! Alikaa mbele, pembeni ya rubani. Nilimwonea wivu."

Onesmo aliirudisha picha mfukoni polepole. Fazal alikuwa na ndugu wenye uwezo, na ndugu wenye uwezo huweza kumtuma mtu kuzungumza na muuza uji. "Nani mwingine amekuja kukuuliza habari hizi?"

"Nani aje kuniuliza mimi, afande? Hata mume wangu haniulizi kitu."

"Ndege iliruka saa ngapi?"

"Saa sina. Lakini muulize sheikh. Ilipita juu ya msikiti watu wamesujudu. Alikuja hapa baada ya swala, anafoka, akidhani rubani bado yupo."

Onesmo alikwenda msikitini. Sheikh alikuwa bado na hasira zake. Ndiyo, ilikuwa Jumamosi, swala ya adhuhuri, saa saba mchana imepita kidogo. Ndege iliwapitia juu kwa kishindo hadi mtoto mmoja akalia.

Basi Fazal alikuwa Geita, na alipanda. Onesmo alitoka msikitini ametazama chini, akajiambia kwamba hilo halimwokoi. Mtu anaweza kuruka Geita saa saba akafika Shinyanga mapema kabisa, akaua kabla jua halijazama. Huenda alishuka ndege iliposimama mwisho wa uwanja, akakatiza majanini wakati Onesmo anatazama pengine. Lakini kwa nini Marcel akane?

Aliporudi uwanjani, ndege yenyewe ilikuwa imetua. Marcel alimpungia mkono kutoka chini ya bawa. "Shemeji! Umefuata nini huku kwa wachimbaji? Panda nikurudishe. Barabara itakuvunja mgongo."

Kuja, Onesmo alisafiri kutwa nzima, kivuko na vumbi. Alimwambia dereva wake arudi na gari, akapanda. Alikaa mbele, pembeni ya rubani.

Waliruka. Mashimo ya wachimbaji yalionekana huko chini kama ardhi imeugua ndui. Kisha mapori, mashamba ya pamba, mawe makubwa ya Usukuma yaliyolala kama ng'ombe. Onesmo aliitazama saa yake ya mkononi, akaificha chini ya mkono wa shati.

"Kwa kawaida ni mwendo gani huu?" aliuliza kwa sauti ya juu, maana injini ilikuwa inaunguruma.

"Geita na Shinyanga? Haufiki hata saa moja. Ukinyoosha tu kama kamba."

"Na upepo ukiwa mbaya?"

"Utakuchelewesha dakika chache. Ndege hii ndogo, lakini haina uvivu." Marcel alicheka.

"Tukipitia Kagongwa?"

Kicheko kilikatika. Marcel aligusa kitu fulani mbele yake ambacho hakikuhitaji kuguswa. "Kagongwa kuna nini? Ni kuzunguka bure, tutamaliza mafuta."

"Nimeuliza tu."

Hawakuzungumza tena mpaka Ibadakuli. Magurudumu yalipogusa ardhi, Onesmo aliangalia saa. Marcel hakudanganya. Haikufika saa moja.

Alishuka akasimama palepale aliposimama Jumamosi. Siku ile alisubiri sana. Alitazama saa mara nyingi, kwa sababu Philomena alikuwa na maumivu nyumbani, na ndege ilitua saa tisa na nusu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kuruka saa saba na kitu, kutua saa tisa na nusu, kwa safari isiyofika saa moja. Saa nzima na zaidi ilikuwa imepotea angani, na aliyekuwa shahidi wa kupotea kwake ni yeye. Hakuhitaji kwenda Geita kujua kwamba ndege ilichelewa. Alihitaji tu kuuliza kwa nini.

Alijaribu mlango wa mwisho. Labda upepo. Aliutazama mfuko wa upepo juu ya mlingoti wake. Jumamosi mfuko huo ulining'inia kama soksi iliyoanikwa, na yeye alijipepea kwa kofia kutwa. Labda mvua. Mvua gani, mwezi wa saba?

"Nikufikishe mjini, shemeji?" Marcel aliuliza nyuma yake. Kuna mtu alikuwa amemletea pikipiki.

"Hapana. Nitatembea."

Kituoni aliagiza Fazal aletwe. Kijana alikuwa amekonda kwa siku tatu. Sajini Bhoke, mwanamke wa Kikurya asiyependa maneno mengi, alisimama mlangoni.

"Kaa," Onesmo alisema. "Nieleze tena juu ya Kagongwa."

"Nilishakueleza."

"Nieleze yote."

"Jumapili ulisema ndege si basi. Askari wako wakacheka. Leo imekuwa basi?"

Bhoke alikohoa. Onesmo alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni. "Leo nakuuliza, Fazal. Tafadhali."

Fazal alimtazama kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. "Tulitua kwenye njia iliyofyekwa, pana, ndani ya miti. Palikuwa na wanaume watatu na mapipa ya mafuta. Waliponiona walimgombeza Marcel kwa kuleta mgeni. Wakabishana sana. Mwisho akaniambia nishuke, barabara iko karibu, nitapata lori."

"Walimpa nini?"

"Mfuko mmoja."

"Wa namna gani?"

"Turubai, rangi ya kijani. Haukuwa mkubwa, lakini mwanaume mzima aliubeba kwa mikono miwili. Haukuwa na kifungo. Ulifungwa kwa mkanda wa suruali."

Onesmo aliacha kuandika. Mfuko ule aliujua. Jumamosi aliuinua mwenyewe kuutia kwenye Land Rover, akatania, "Mzito hivi, shemeji, umebeba mawe?" Na Marcel akajibu, "Vipuri vya ndege." Waliuweka kiti cha nyuma, kando ya dawa za Philomena. Marcel aliomba ashushwe kwenye kona, pale mtaa wa masonara unapoanzia. Onesmo alisimamisha gari la polisi kwenye kona hiyo, akamsaidia kuuteremsha mfuko, akamshukuru kwa dawa, akaenda zake.

"Afande?" Bhoke aliita. "Afande, unaumwa?"

"Mrudishe," Onesmo alisema. "La, ngoja. Mletee chakula. Chakula cha kweli. Kisha twende Kagongwa, jua bado lipo."

Bhoke aliendesha. Onesmo alimweleza yote njiani, pamoja na habari ya kona, macho yakiwa kwenye barabara. Bhoke hakusema pole wala hakumlaumu. Alikanyaga mafuta tu.

Kagongwa, penye mashine za kukoboa mpunga, hawakuhitaji kutafuta sana. Dereva wa lori la pamba aitwaye Mageni alikuwa akibadili tairi.

"Yule Mhindi? Nilimpakia Jumamosi, alasiri imeingia. Suruali yake imejaa vichomamguu, zile mbegu za porini zinazonasa. Nikamwambia, baba, umetoka wapi porini huko, unakimbia mke? Akasema ameshuka kwenye ndege." Mageni alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Nilidhani amelewa. Nilimshusha Shinyanga usiku umeingia."

"Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nani aliniuliza, afande?"

Aliwaonyesha mahali alipompakia. Kutoka hapo waliingia kwa miguu, wakapita vichaka, wakatokea kwenye njia iliyofyekwa. Mapipa matatu yalikuwepo, na alama za magurudumu madogo zilikuwa zimekauka ardhini. Bhoke alipiga goti akazipima kwa shubiri. Kwenye majani palikuwa na gunia lililochanika, na ndani yake mchanga mweusi, uleule ambao wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, kule Geita, hubaki nao kwenye karai wakishaosha.

"Dhahabu inatoka Rwamgasa kwa magendo, inapandishwa hapa mbali na macho, inapelekwa kwa sonara kuyeyushwa," Bhoke alisema.

"Na gari la polisi linaipeleka mlangoni," Onesmo alimalizia.

Alhamisi walimkuta Marcel uwanjani akifuta pangaboi la ndege kwa kitambaa.

"Karibu, shemeji. Dada Philomena hajambo?"

"Hajambo. Mfuko wa kijani uko wapi, Marcel?"

Mkono ulisimama kwenye chuma. "Mfuko upi?"

"Niliokusaidia kuubeba."

"Vile vipuri? Nimeshavifunga."

"Vifungue nivione."

Marcel alimtazama Bhoke, kisha akamrudia Onesmo na kushusha sauti. "Shemeji, kwa nini usiniulize nyumbani? Umenijia na askari kama mwizi."

"Nilikuuliza Jumapili kama shemeji. Ukanidanganya, na mimi nikapokea. Fazal alikaa kiti kile. Wameshamwona Geita, wameshamwona Kagongwa."

"Haya, nilimbeba. Kubeba abiria ni kuua?"

"Ulikwenda kwa Dilip."

"Nani aliniona?" Sasa hakuficha sauti. "Nambie, nani katika mji huu aliniona nikienda mtaa wa Dilip?"

"Mimi."

Marcel alicheka kidogo, bila furaha. "Wewe utasimama kizimbani, mbele ya hakimu, useme gari la polisi ndilo lililonifikisha? Useme inspekta alinibebea mzigo?"

Onesmo hakugeuka nyuma. Bhoke alikuwa nyuma yake hatua mbili, anasikia kila neno. "Nitasema."

Walitazamana. Kisha Marcel aliketi juu ya gurudumu la ndege. "Alitaka kujitoa," alisema. "Dilip. Aliukataa mfuko, akasema Jasumati halali usingizi, na yeye kesho anakuja kwako kueleza yote. Nilimsihi. Akanigeuzia mgongo. Nyundo ilikuwa palepale."

"Ukamwacha kijana wa watu abebe."

"Nilidhani mtamwachia. Hamkuwa na kitu juu yake." Aliinua macho. "Hamkuwa na kitu, shemeji. Mimi sikumtaja. Ni wewe uliyemchukua."

Bhoke alimfunga pingu. Mfuko waliupata mkiani mwa ndege, na mkanda wake wa suruali. Walipokuwa wanamwingiza garini, Marcel aliuliza, "Dada yangu utamwambia nini?" Onesmo alipanda akakaa mbele.

Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti. "Sasa wewe ni shahidi," alisema. "Jalada mkabidhi Bhoke. Mengine juu yako tutayaona baadaye. Na yule kijana mrudisheni kwao jioni, ndani ya gari, kimya kimya. Hatutaki makelele."

Onesmo alikwenda kufungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Alisimama wima mbele ya Fazal. "Uko huru. Aliyeua tumempata. Nilikukosea, Fazal. Gari litakupeleka giza likiingia, watu wasikusumbue."

Fazal alikuwa anafunga viatu. Alimaliza kwanza. "Jumapili ulinipitisha wapi?"

"Sokoni."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Onesmo hakutazama saa. Jua lilikuwa utosini. "Mkuu ameagiza iwe jioni."

"Basi nitalala hapa tena, na kesho adhuhuri utanipeleka. Mimi sitoki humu kama mwizi."

Onesmo alivaa kofia yake, kisha akaivua akaishika mkononi. "Twende."

Walitoka kwa miguu, wawili tu. Sokoni kelele zilipungua meza moja baada ya nyingine, mpaka ikasikika mashine ya mshona viatu peke yake. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Wanamhamisha gereza." Onesmo alisimama penye mizani ya nyanya. Hakuwa ameandaa maneno.

"Ndugu zangu," alisema, kisha akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. "Ndugu zangu, Jumapili nilimpitisha huyu hapa nikiwa nimemfunga pingu. Hakuua. Siku ile hakuwa Shinyanga. Alinieleza alikokuwa na sikumsikiliza. Kosa ni langu mimi, Onesmo Ngassa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja muuza dagaa alimtazama kutoka kofia mpaka viatu, akasema kwa Kisukuma kitu ambacho Onesmo, aliyezaliwa kijijini Samuye, Usukumani, alikielewa vizuri kabisa na asingependa kukirudia. Fazal alikuwa ameshatangulia.

Khairunisa alikuwa barazani. Kuna mtu alikuwa amekimbia kumwambia. Alimshika mwanawe usoni kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku, kisha akamsukuma ndani kwa upole. Yeye alibaki mlangoni.

Onesmo alipiga hatua moja kupanda baraza, akaona bora abaki chini. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Jumapili nilikufuata mtaa mzima," Khairunisa alisema. "Mimi mtu mzima, nilikuita baba. Baba, sikiliza. Baba, mwanangu hana kosa. Hukugeuka hata mara moja."

"Ni kweli."

"Madhuben pale, tumekaa jirani tangu tukiwa maharusi. Nilipita mlangoni kwake nikilia, akafunga dirisha. Jana watoto wamepiga mawe bati letu. Leo unaniletea shikamoo mimi?" Alivuta mtandio wake kichwani. "Ndani ya nyumba hii hakuna aliyemwita mwanangu muuaji. Waendee waliomwita."

Aliingia, akafunga mlango. Onesmo alisikia komeo likipita.

Jua lilikuwa linamchoma utosi. Kisha aligeuka akavuka barabara. Madhuben, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa kwenye duka lake la nafaka akijifanya anapanga makopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, inspekta. Tumeshasikia. Wamesema umetangaza sokoni."

"Nimetangaza. Lakini nimekuja nikuambie wewe, hapa mlangoni pako." Alikunja kofia mikononi. "Ni juu ya Fazal."

Madhuben aliacha makopo. Macho yake yalivuka barabara hadi kwenye ule mlango uliofungwa, akashika kingo za meza. Onesmo alianza mwanzo, siku ya Jumamosi, akieleza alivyosimama uwanjani akisubiri ndege iliyochelewa. Hakuruka kitu, hata habari ya kona. Alipomaliza aliaga, akahamia mlango uliofuata. Mtaa ule ulikuwa mrefu, na kwenye kila baraza watu walikuwa wameshatoka, wamesimama, wanamsubiri.